Sauti Kwenye Gari la Majani

Lupembe,
6 Machi 1994

Kaka Luqmani,

Kamwene. Wenzetu huanza barua kwa kujisifia uzima, kisha hofu yote wanamtwisha aliye mbali. Mimi leo naruka hapo. Nikisema ni mzima nitakuwa nimeanza kwa uongo, na wewe uongo wangu ulikuwa unaujua hata nikiwa jukwaani.

Ni mimi Telesia. Telesia wa Nyanda za Juu Jazz, yule uliyekuwa unampigia gitaa huku ukimlaumu kwamba anachelewa kuingia. Tangu bendi ife sijakuandikia hata mstari mmoja, kwa hiyo una haki ya kununa. Nuna baadaye. Kwanza nisikilize.

Nina rovu. Unakumbuka kile kitambaa nilichokuwa nafunga shingoni, na nyie mkadhani ni mtindo wa mjini? Nilikuwa naficha. Wakati ule lilikuwa dogo kama limau. Huku kwetu wanawake wengi wanalo na hakuna anayelihesabu kuwa ugonjwa. Siku hizi wanatuletea chumvi yenye madini joto na wamebandika mabango zahanati, ni vizuri kwa watoto, lakini mimi nimeshachelewa. Langu limefika ngumi mbili. Daktari wa hospitali ya misheni anataka kulikata, na anataka upesi.

Nikamuuliza, na sauti je? Ni mtu mkweli, hakunificha. Alinichorea kwenye karatasi. Nyuma ya rovu unapita mshipa mwembamba unaoendesha sauti, na kwa rovu la ukubwa huu hawezi kuniapia kwamba hatauharibu. Naweza kuamka na shingo nzuri nikiwa bubu.

Kaka, mume wangu amekufa, bendi imekufa, na ile santuri yetu moja imechakaa hadi ukiiweka unasikia mvua tu. Nyimbo tulizorekodi redioni hatukupewa nakala. Sauti ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho kutoka maisha yale. Huwa naimba nikichuma chai, naimba nikipika. Lakini mtu hawezi kujisikia mwenyewe. Kanisani wananisifu, ila wao humsifu kila anayefumbua mdomo.

Basi nimerekodi nyimbo tatu mpya, nimezitunga mwenyewe. Nilikaa jikoni na redio kaseti ya marehemu. Betri nilizianika juani kama tunavyofanya wote, zikapata uhai wa kunifikisha mwisho, kisha zikazima kabisa. Hakuna gitaa wala ngoma. Kanda anakuletea Enoki, dereva wa gari linalokusanya majani ya chai huku. Huwa anashuka Makambako kufuata vipuri.

Isikilize, uniambie kweli, kama ulivyokuwa unaniambia zamani mpaka nalia. Kama sauti imekwisha, nakwenda kukatwa bila kugeuka nyuma. Kama ingalipo, nitabaki nayo na shingo yangu. Neno lako ndilo nitakalolifuata.

Wako,
Telesia


Makambako,
19 Machi 1994

Dada yangu Telesia,

Assalaam aleikum, ewe mtoro. Nilinuna, tena sana, mpaka Enoki aliponikabidhi kanda. Baada ya hapo nimesahau nilichokuwa nimenunia.

Mimi nina duka la kanda hapa karibu na stendi. Biashara imefunguliwa siku hizi, kila mtu anauza anachotaka, mji umejaa mitumba na redio kaseti kutoka Dubai. Kanda yako niliiweka kwenye redio kubwa ya dukani, inayotumia umeme, nikageuza spika zikatazama barabarani. Wallahi, Telesia! Kuli aliyekuwa anapakia mahindi alitua gunia. Madereva wa malori ya Zambia waliokuwa wanakunywa chai kwa jirani waliuliza huyu binti ni nani. Binti! Hata mke wangu Salha, ambaye kwake muziki ni taarabu na mengine ni kelele, alitoka na mikono yenye unga kuja kusikiliza.

Sauti yako haijazeeka. Naweza kuapa kwamba imerudi nyuma. Ni ile ya Njombe mwaka sabini na tano, tulipojaza ukumbi mpaka watu wakakaa madirishani, au niseme imeipita ile. Imekuwa nyepesi, inaruka.

Halafu ile namna unavyoukata mstari katikati, unanyamaza, kisha unamalizia neno. Hiyo zamani hukuwa nayo. Umeitoa wapi? Hiyo ndiyo soul yenyewe ya Wamarekani tuliyokuwa tunaitafuta tukiwa na suruali za bugaluu. Mtu anabaki ameshika kifua akingoja neno linalofuata. Wimbo wa tatu tu ndio unakimbia kidogo, kama uliyekuwa umeacha ugali motoni. Huo tuuache.

Umetaka kweli, basi kweli ni hii: usikatwe. Daktari anajua shingo, muziki haujui. Rovu umeishi nalo tangu usichana wako na hujafa. Mungu hakukuachia sauti hiyo mpaka leo ili mtu aje aichezee kwa kisu.

Kuna jambo jingine nalipanga juu yako, ila silisemi leo. Utafurahi.

Ndugu yako wa gitaa,
Luqmani


Lupembe,
10 Aprili 1994

Kaka Luqmani,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Nililia, nikacheka, nikaisoma tena. Nilipomaliza nikaenda hospitali nikamwambia daktari asubiri kwanza. Hakubishana nami. Aliandika kitu kwenye kadi yangu, akasema nikibadili mawazo nisichelewe.

Mwanangu Vestina ndiye asiyekubaliana nami. Yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi Njombe, na ameamua kwamba mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza. Nilimsomea barua yako. Akaniuliza, huyo mzee wa kanda alikuona shingo? Nikamjibu kwamba alisikia, inatosha.

Umenikumbusha mengi. Unakumbuka wakubwa waliposema soul ni uhuni wa kigeni, tukaitia maneno ya Kiswahili kuhusu kilimo na wakatupa cheti? Na siku ya kurekodi Dar es Salaam? Mikrofoni ilikuwa moja kwa wote. Yule fundi alinisogeza nyuma kabisa, karibu na mlango, akisema sauti yangu nzito inameza gitaa lako. Niliona aibu siku ile, nikaimba nimetazama ukuta. Sasa wewe unasema imekuwa nyepesi. Nimeshangaa, maana mimi kifuani naisikia nzito kuliko zamani. Lakini wewe ndiye mwenye masikio na mashine, nitabishana na nini? Mimi mwenyewe sijaisikia ile kanda, redio haina betri mpaka leo.

Kuhusu pale ninapokata mstari, hiyo ni siri ya jikoni. Imekuja yenyewe tu.

Niko vizuri. Kulala nalala nimeegemea ukuta, imekuwa mazoea. Mchana naimba. Majirani wanasema tangu Pasaka nimekuwa mtu mwingine. Nimeshona hata gauni, sijui nitalivaa wapi.

Niandikie tena yale ya kuli na gunia.

Telesia


Njombe,
12 Juni 1994

Mzee Luqmani,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Vestina, binti wa Telesia. Naandika bila yeye kujua, na nakuomba usimwambie.

Mama hakukueleza hali yake yote. Hawezi kulala chali kwa sababu akilala anakosa hewa. Akipanda kilima cha kwetu anasimama mara nyingi, na pumzi yake inapiga mluzi unaosikika mpaka chumba cha pili. Rovu linakua kuelekea ndani, linabana koo. Mwalimu wetu alipomwona aliniita pembeni. Alisema siku likibana zaidi, kila kitu kitafanyika kwa haraka, na kwa haraka ndipo hatari ya sauti inakuwa kubwa kuliko sasa. Hapo tunazungumzia kama atafika hospitali akiwa hai.

Mimi nimemwomba, padri amemwomba, daktari amemwomba. Anatujibu kwa barua yako. Ameiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Nakuomba kwa heshima zote umwandikie kwamba ulikosea, kwamba sauti ni ya kawaida, hata kama si kweli. Wewe ni mtu wa biashara, neno moja dogo la namna hiyo halitakushinda.

Kuna jambo la pili. Jumamosi nilikuwa sokoni nikasikia sauti ya msichana inaimba maneno ya mama yangu. Nilisimama mpaka wimbo ukaisha. Muuzaji alinionyesha kanda. Juu kuna picha ya msichana aliyekatwa kwenye kalenda, mtu nisiyemjua, na imeandikwa Marehemu Telesia, Nyimbo za Kukumbukwa. Muuzaji akanipa pole, akasema kama ni ndugu yangu basi alikuwa na kipaji. Mzee, nilitoka pale nikipanga niende kwanza chuoni au kwanza nyumbani kuhakikisha kama mama yuko hai.

Mama hajui kwamba anauzwa. Sijamwambia. Nakuachia wewe.

Vestina


Makambako,
25 Juni 1994

Mwanangu Vestina,

Marahaba. Una ulimi wa mama yako, na sikuchukii kwa hilo.

La kanda ni langu, silikatai. Niliziongezea ngoma za kinanda cha umeme ili vijana wacheze, nikaweka nyimbo mbili zile nzuri. Nilitaka mama yako aje kushtukia jina lake limesambaa mpaka Songea, halafu nimpeleke Dar es Salaam kwenye studio mpya za watu binafsi. Hiyo ndiyo zawadi niliyokuwa namficha. Lile neno marehemu si langu. Kuna wauzaji walionakili nakala yangu, wakaona mfu anauzika kuliko mzima, wakaliongeza. Nimegombana nao. Wananicheka, maana na mimi sikuomba ruhusa kwa mtu.

Lakini la kumwandikia kwamba hana sauti, hapo umenipa mzigo usiobebeka. Mimi kila asubuhi nafungua duka namsikia. Nimepiga gitaa nyuma ya waimbaji wengi, na kwa mama yako tu ndiyo nilikuwa nasahau vidole vyangu. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba hana kitu, wakati anacho na nchi nzima inasikia? Mtu aliye mgonjwa sana haimbi vile, mwanangu. Wewe umesoma ugonjwa, mimi nimesoma sauti.

Tumwachie Mungu mpaka baada ya mavuno ya chai. Nikija huko nitazungumza naye uso kwa uso.

Baba yako mdogo,
Luqmani


Hospitalini,
2 Oktoba 1994

Luqmani,

Naandika nikiwa kitandani. Vestina amenipa daftari na kalamu, maana hiyo ndiyo njia yangu ya kusema sasa.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, ukungu umekaa shambani mpaka karibu saa sita. Nilikuwa nachuma, pumzi ikagoma. Hapo nyuma ilikuwa inapungua na kurudi. Siku hiyo iligoma. Wenzangu walinipandisha kwenye gari la majani kwa sababu ndilo lililokuwepo, wakaniketisha mbele na Enoki, madirisha yote wazi. Enoki ni mtu mwema. Aliona nahangaika, akataka kunituliza, akawasha kaseti yake. Akaniwekea mimi.

Ndivyo nilivyojua kwamba unaniuza. Lakini hilo lilikuja nyuma. Kwanza nilikuwa natafuta kujua ni nani anayeimba. Nimekaa pale natafuta hewa, na kwenye spika kuna msichana anaimba maneno yangu ya jikoni, anayaimba kwa furaha, ngoma za harusi zinapiga nyuma yake. Nilitaka kumuuliza Enoki, huyu ni nani? Mdomo ulifunguka, neno halikutoka.

Hata nikiwa na miaka kumi na minane sikuimba juu namna ile. Yule fundi alinisogeza mlangoni kwa ajili ya uzito wangu, na nilikuandikia, ukasoma ukapita. Barabara ya Lupembe unaijua ilivyo na kona. Kwenye kona zile nikaelewa. Betri zangu zilikuwa zinakufa. Kanda ilitembea polepole wakati narekodi, na kwa umeme wako ikakimbia. Ndiyo maana wimbo wa tatu ulikimbia zaidi, betri zilikuwa zinamalizika. Kila mtu huku anajua redio ikichoka betri inavyoburuta. Mimi nilijua, wewe muuza kanda ulijua, na hakuna kati yetu aliyetaka kujua.

Ulimsifia msichana ambaye hajawahi kuzaliwa, Luqmani. Mimi nikampa shingo yangu aichezee miezi sita. Na pale ninapokata mstari, nilikuwa nimeishiwa pumzi. Sikukuambia, kwa sababu ulikuwa umepapenda.

Walinipasua siku ile ile. Daktari hakunilaumu hata kwa jicho. Pumzi ninayo, nalala chali kama watu. Sauti imekwenda yote, kinachotoka ni upepo. Hapa wodini kuna mama ana redio, juzi ikapigwa kanda ile. Muuguzi mmoja akasema, nampenda sana huyu marehemu. Nikamwandikia kwenye daftari: marehemu ni mimi. Alicheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka. Tangu siku hiyo hapiti karibu na kitanda changu peke yake.

Vestina anasema nikirudi nyumbani nitamsikia kila siku, maana Enoki anapita asubuhi na jioni. Namwogopa. Namwogopa kama mtu anavyoogopa nduguye aliyekufa akiwa na hasira naye. Anatumia jina langu, ana maneno yangu, na yeye hatazeeka.

Nakuomba jambo moja, na safari hii usitie sukari. Ile kanda yangu ya kwanza unayo. Tia betri zilizochoka kwenye redio ndogo, iburute mpaka ifike kwenye sauti yangu ya kweli. Unisikilize mimi, siyo yule. Kisha uniambie ilikuwaje. Ilikuwa na kitu, au ilikuwa imeshakwisha? Nimezika kitu na sijui ni nini. Usiku sipati usingizi kwa ajili hiyo.

Telesia


Makambako,
30 Oktoba 1994

Dada Telesia,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nifanye ulivyoagiza, na mikono ilikuwa haitaki.

Nimefanya. Nilikaa na redio ndogo chumbani, nikaburuta kanda mpaka nikakupata wewe. Nimesikiliza nyimbo zote tatu, na nikarudia.

Umesema nisitie sukari, basi sitii. Sauti ilikuwa imekwisha. Inakwaruza. Inashuka chini ya pale unapotaka ifike, na mara nyingi inapotea kabla ya mwisho wa mstari. Ni sauti ya mgonjwa, na hata kama ule mshipa usingeguswa, wewe usingeweza kusimama tena mbele ya watu. Ungekuwa wa kwaya, nyuma, kusaidia wengine. Kama ningeisikia hivi mwezi wa tatu, ningekuambia ukakatwe siku ile ile. Hukuzika kitu, Telesia. Kilikuwa kimeshaondoka chenyewe, miaka mingi, na wewe hukujua kwa sababu mtu hajisikii.

Kosa ni langu, na nitalibeba mpaka kaburini. Nilimtaka yule msichana, nikamsikia. Kanda zako nimeziondoa dukani kwangu zote. Zilizo kwa wengine siwezi kuzirudisha, nimejaribu.

Lala, dada yangu. Hakuna cha kukufanya ukeshe.

Luqmani


Makambako,
30 Oktoba 1994

Mwanangu Vestina,

Leo nimemwandikia mama yako na nimemdanganya. Ulipata kuniomba uongo huu nikakataa, na ungekuwa na faida wakati ule. Sasa nimeutoa ukiwa hauna faida isipokuwa usingizi wake.

Nikueleze nilichosikia, maana lazima mtu mwingine ajue. Mama yako alikuwa anaanza nyimbo zake zote kwenye sauti ile ile moja, na gitaa langu linaijua. Nilipakata gitaa, nikaweka betri zilizochoka kwenye redio, nikawa naupiga uzi ule mmoja huku nangoja. Kila betri zilivyozidi kuchoka, yule msichana alishuka. Akawa mwanamke. Akashuka tena, mpaka sauti na uzi vikakutana, na mama yako akawa yuko chumbani. Salha alikuwa mlangoni. Alikaa chini pale pale alipokuwa.

Mwanangu, sijapata kusikia kitu kama kile, wala sitasikia tena. Ni nzito, ina moshi, na kila neno analitoa akijua huenda lisitoke jingine. Pale anapoishiwa pumzi unamsikia akiitafuta, anaipata, anarudi kwenye mstari ule ule mahali alipouacha, kwa usahihi kabisa. Wimbo wa tatu, ule niliousema unakimbia, ndio mkubwa kuliko yote. Anamwita baba yako. Anamwambia chai imekomaa na mikono ni miwili tu. Tulizunguka nchi hii miaka minane tukitafuta kuimba hivyo, hatukufika. Yeye alifika peke yake, jikoni.

Sasa niambie, nikimwandikia hayo, atajua alichopoteza. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Daktari yule, kwa nafasi na utulivu, labda angeuokoa ule mshipa. Nimeona afadhali aamini hakuwa na kitu.

Kanda yenyewe sikuinakili. Zile zilizouzwa zimefunikwa na kinanda, na wimbo wa tatu haumo, kwa hiyo hii ndiyo pekee iliyopo. Nilishika kanda tupu mkononi nikairudisha. Najijua. Ningeinakili, siku moja ningeiuza. Enoki ataipeleka huko, nimeandika jina lako juu yake na nimemwambia akupe wewe mkononi utakapokuwa likizo. Ifiche. Siku mama yako atakapokuwa hayupo, Mungu aiweke mbali siku hiyo, wasikilizishe wanao.

Luqmani


Lupembe,
8 Januari 1995

Kaka Luqmani,

Heri ya mwaka mpya wewe na Salha. Nimerudi nyumbani tangu Novemba, shingo ina kovu zuri, nimeanza tena kuchuma.

Nilitaka nikushukuru vizuri, ndiyo maana nimechelewa. Barua yako iliniuma siku moja. Siku ya pili nikajisikia mwepesi. Unajua wewe hujawahi kunisifu bila sababu wala kunikosoa bila sababu, na safari hii umekuwa yule Luqmani wa zamani. Niliposoma kwamba hapakuwa na kitu, nililala mpaka jua likatoka. Sasa gari la Enoki likipita na yule msichana wake, siachi kazi. Najua kwamba yeye siye mimi, na hakuninyang'anya chochote, maana sikuwa nacho. Juzi nimemwambia Enoki, yaani nimemwandikia, aongeze sauti akitaka. Wachumaji wanampenda.

Enoki aliniletea kanda yangu, akasema hawezi kumngoja Vestina mpaka likizo. Umeandika jina la Vestina, nikajua umeona haya kuniandikia mimi, ukapitia kwa mtoto. Usione haya. Imefika wakati mzuri. Kwaya ya kigango ilikuwa inatafuta kanda ya kurekodia nyimbo za Krismasi ili ziende kwa askofu, na kanda mpya hazipatikani huku. Nikawapa. Mimi ndiye niliyebonyeza vitufe, nikawaonyesha na wapi pa kusimama. Wale wenye sauti nzito niliwaweka mbele. Sikuisikiliza kwanza. Ya nini, nawe umeshaniambia?

Vestina alifika likizo siku hiyo hiyo, akatukuta kanisani tunamalizia. Alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani, hakuushusha. Nikamwonyesha kwa kidole kanda inavyozunguka, nikacheka. Alitoka nje, akakaa kwenye nyasi muda mrefu, na hata jioni hakula. Nimemuuliza mara nyingi ananijibu ni uchovu wa masomo. Mwandikie na wewe, anakuheshimu. Mwambie apunguze kusoma.

Watoto wameimba vizuri sana. Tulianzia mwanzo kabisa wa kanda, tukajaza pande zote mbili.

Wako,
Telesia